Kompyuta ya Ubuntu haiwaki tangu umeme ukatike katikati ya masasisho. Je, ni lazima niifomati?

Mama Steshenari, Morogoro

Habari za kazi, ndugu zangu. Naomba msaada wenu katika jambo ambalo limeninyima usingizi kwa siku ya pili sasa.

Nina duka dogo la steshenari ambamo tunachapa kazi za wanafunzi, tunatoa kopi na kuwajazia watu fomu za maombi mtandaoni. Kompyuta tunayoitegemea ni ya mezani, niliinunua ikiwa imeshatumika, ina diski ngumu ya GB 500 na inatumia mfumo wa Ubuntu 22.04, ambao ni aina ya Linux. Aliyeniwekea mfumo huo alianza na toleo la 18.04, kisha tukapanda hadi 20.04 na baadaye 22.04 bila kufuta kitu chochote. Juzi jioni, tukiwa tunafunga duka, kile kidirisha cha masasisho kilijitokeza, nami nikakikubalia nikiamini kwamba kitamaliza kazi yake wakati ninahesabu mauzo. Kabla mstari haujafika mwisho, umeme ulikatika mtaa mzima. UPS, kile kifaa cha kushikilia umeme unapokatika, sina.

Jana asubuhi nilipoiwasha, nembo ya mtengenezaji ilionekana kama kawaida, kisha kioo kikawa cheusi, maandishi meupe yakashuka kwa kasi na mwishowe yakasimama. Mstari ninaoweza kuusoma karibu na mwisho ni huu:

`Kernel panic - not syncing: VFS: Unable to mount root fs on unknown-block(0,0)`

Kibodi yangu ni ya zamani, ile yenye plagi ya duara ya rangi ya zambarau, na tangu maandishi hayo yasimame taa zake mbili zinawaka na kuzima kwa pamoja bila kukoma. Hakuna kitufe kinachoitikia. Nimeizima na kuiwasha mara tatu, na kila mara inaishia palepale.

Fundi mmoja wa jirani aliitazama kwa dakika chache akasema diski imekufa, kwa hiyo ninunue nyingine, au niifomati hii na kuweka mfumo upya kama nataka kubahatisha. Sikukubali, kwa sababu humo ndani kuna kazi za wateja za miaka sita. Kinachoniumiza zaidi ni ripoti ya utafiti ya mwanafunzi mmoja ambaye amekuwa akiniletea daftari lake sura kwa sura nimchapie, na ambaye anatakiwa kuikabidhi Ijumaa. Nakala yake ya pekee imo katika kompyuta hii, na daftari lenyewe lina sura mbili za mwisho tu, nyingine alishazichana.

Naomba kujua mambo mawili. Je, ni kweli diski imekufa? Na kama haijafa, nifanye nini kwanza ili nisiharibu kilichobaki?

---

Fundi Mkongwe, Tanga

Pole sana, dada yangu. Usifomati, na wala usinunue diski kwa sasa. Ujumbe uliounukuu neno kwa neno umenisaidia kuliko maelezo mengine yote, kwa hiyo nianze na maana yake.

Kompyuta inapowaka, kazi hupokezanwa kama kijiti. Fimwea, yaani programu ndogo iliyo kwenye ubao mkuu, ndiyo huamka kwanza, ikavikagua vifaa, kisha ikatafuta katika diski patisheni ndogo, yaani sehemu ya diski iliyotengwa, ambamo kipakizi cha GRUB huanzia. GRUB ikishika zamu yake hupakia mafaili mawili katika kumbukumbu: kerneli yenyewe, yaani kiini cha mfumo, ambayo jina la faili lake huanza na `vmlinuz`, na faili jingine ambalo jina lake huanza na `initrd`. Hilo la pili ni kama mkoba wa vifaa vya safari. Kerneli ya Ubuntu haibebi madereva yote, yaani programu za kuendesha vifaa, ndani yake. Mengi, yakiwamo yale ya kuzungumza na diski, yamo katika mkoba huo. Kerneli huufungua, hutoa dereva linalofaa, huiona diski, hufungua patisheni kuu yenye mafaili yako, na ndipo humkabidhi `systemd` kijiti cha mwisho, ambaye huamsha huduma zote hadi ukaona ukurasa wa kuweka nywila.

Sasa tazama kompyuta yako ilipoanguka. Nembo ilionekana, kwa hiyo fimwea ni nzima. Maandishi meupe yalishuka, na hayo huandikwa na kerneli, kwa hiyo GRUB iliisoma diski na kuitoa kerneli humo. Diski iliyokufa isingeweza kufanya hivyo. Kijiti kilianguka baada ya hapo: kerneli inasema imeshindwa kuifungua patisheni kuu, na zile sufuri mbili katika mabano, ambapo pangekuwa na namba za utambulisho wa kifaa, zinaonyesha kwamba haikukiona kifaa chenyewe. Katika Ubuntu, hali hiyo ikitokea mara tu baada ya masasisho, mara nyingi sababu ni moja: kerneli mpya imewekwa lakini `initrd` yake haikutengenezwa, au ilitengenezwa nusu. Kerneli imetoka safari bila mkoba. Zile taa mbili za kibodi ni Caps Lock na Scroll Lock, na kerneli yenyewe ndiyo inayoziwasha na kuzizima ili kukujulisha kwamba imesimama.

Habari njema ni kwamba Ubuntu huiacha kerneli ya zamani mahali pake inapoweka mpya. Washa kompyuta, na nembo inapotoweka tu, gusa kitufe cha Esc mara moja. Ukikigusa mara nyingi utajikuta mbele ya neno `grub>` peke yake. Ikitokea hivyo, andika `normal`, bonyeza Enter, kisha gusa Esc tena mara moja. Orodha ikitokea, chagua mstari wa pili, "Advanced options for Ubuntu", na humo uchague kerneli yenye namba ndogo kuliko ile ya juu kabisa. Kisha utueleze umeona nini.

---

Msimamizi wa Seva, Dar es Salaam

Naafikiana na Mzee wa Tanga katika utambuzi wa tatizo, ila naomba nitofautiane naye katika mpangilio wa hatua, na ninasema hivi kwa sababu mimi mwenyewe nimewahi kupoteza data kwa kuharakisha.

Kompyuta hii haikuzimwa, ilikatiwa umeme wakati diski inaandika. Ukiiwasha kwa kerneli ya zamani ikafanikiwa kuingia, mfumo utaanza mara moja kuandika kumbukumbu zake, utaendelea na masasisho uliyoyaacha, na utaandika juu ya mfumo wa mafaili ambao hatujui una majeraha gani. Mara nyingi hakuna linaloharibika. Lakini pale ambapo ripoti ya mtu ipo mahali pamoja tu duniani, "mara nyingi" haitoshi. Nakala kwanza, matengenezo baadaye.

Tafuta kompyuta nyingine, pakua faili la ISO (nakala nzima ya mfumo) la Ubuntu 22.04, ambalo linazidi GB 4, na uliandike kwenye flashi ya GB 8 au zaidi kwa kutumia Rufus au balenaEtcher. Kunakili tu faili hilo kwenye flashi kama unavyonakili picha hakutafanya kazi. Chomeka flashi, washa kompyuta ukiwa unabonyeza kitufe cha kuchagua kifaa cha kuwakia, ambacho katika mashine nyingi ni F12, F9 au Esc, kisha chagua "Try Ubuntu". Ile inayofanana nayo, "Install Ubuntu", usiiguse.

Ukishaingia, fungua terminali, yaani dirisha la kuandikia amri, na uandike:

`lsblk -f`

Utaona orodha ya patisheni. Kubwa yenye neno ext4, ambayo ni aina ya mfumo wa mafaili, ndiyo yenye mafaili yako. Tuseme ni sda3. Ifungue hivi:

`sudo mkdir /mnt/zamani`
`sudo mount -o ro,noload /dev/sda3 /mnt/zamani`

Naomba uyaandike yale maneno mawili, `ro` na `noload`, yote kwa pamoja. La kwanza linasema patisheni isomwe tu. Wengi huishia hapo wakidhani wamejilinda, lakini ext4 ina daftari la mabadiliko ambayo hayajakamilika, na hata ikifunguliwa kwa kusomwa tu huanza kwa kuyatekeleza yaliyomo katika daftari hilo, yaani huandika kwenye diski. `noload` ndiyo inayolizuia. Gharama yake ni kwamba baadhi ya mafaili ya dakika za mwisho yanaweza kuonekana hayajakamilika, ila ya zamani hayataguswa. Kisha chomeka diski ya nje na unakili, ukiweka jina la diski yako badala ya AKIBA:

`sudo rsync -rtv /mnt/zamani/home/ /media/ubuntu/AKIBA/`

Ikikutana na faili lisilosomeka italitaja na kuendelea na mengine. Hifadhi majina ya mafaili ya namna hiyo. Kabla ya kunakili, fungua programu inayoitwa Disks iliyo katika flashi hiyo hiyo, chagua diski yako, na katika menyu yake ufungue ripoti ya afya ya diski, "SMART Data & Self-Tests". Tuandikie thamani za mistari miwili: Reallocated Sector Count na Current Pending Sector Count.

---

Mama Steshenari, Morogoro

Nawashukuru wote wawili. Nilikuwa nimeshafuata maelekezo ya Mzee wa Tanga kabla sijauona ujumbe wa pili, kwa hiyo naomba niwaeleze yote.

Orodha ilitokea. Ilikuwa na kerneli nne: ya juu 5.15.0-101, na chini yake 97, 94 na 91. Nilichagua 97. Safari hii kompyuta haikusimama na taa za kibodi hazikumweta, ila haikufika kwenye ukurasa wa nywila. Iliandika kwamba kuna kasoro isiyotarajiwa katika /dev/sda3, ikaniagiza kwa herufi kubwa `RUN fsck MANUALLY`, kisha ikanipa mstari wenye neno initramfs ndani ya mabano, na alama inayomweta ikisubiri niandike kitu. Hapo niliogopa, nikaizima, na niliporudi hapa nikakuta onyo la kunakili kwanza.

Mdogo wangu alinitengenezea flashi, na jana usiku tulinakili. Ilichukua takriban saa mbili na nusu kwa GB 61. Ripoti ya mwanafunzi ipo. Nimeifungua kwenye kompyuta nyingine, nimeipitia ukurasa kwa ukurasa hadi orodha ya majedwali, na imekamilika. Ni faili moja tu lililoleta `Input/output error`, nalo limo katika folda iliyofichwa iitwayo .cache, ya kivinjari.

Upande wa SMART, Reallocated ni 0, lakini Current Pending ni 8. Je, hizo nane ndizo kufa kwa diski alikokusema yule fundi?

---

Fundi Mkongwe, Tanga

Namshukuru ndugu wa Dar es Salaam, na nakubali kwamba mpangilio wake ulikuwa bora kuliko wangu. Bahati nzuri kerneli ya 97 ilisimama yenyewe kabla ya kufungua patisheni kwa kuandika.

Kuhusu hizo nane: si lazima ziwe dalili ya kufa. Diski nyingi za siku hizi huandika kwa vipande vya baiti 4096, lakini huihesabia kompyuta vipande vya baiti 512, na 4096 ukigawa kwa 512 unapata 8. Kwa hiyo nane inaelekea kuwa ni kipande kimoja tu halisi. Umeme ulipokatika, kichwa cha diski kilikuwa katikati ya kuandika kipande hicho, kikaacha data isiyolingana na alama yake ya uhakiki, na sasa kila diski inapokisoma inakikataa. Inakiweka katika orodha ya kusubiri hadi kitakapoandikwa upya. Kikiandikwa na kikasomeka, hutoka katika orodha; kikigoma, diski hukihamishia katika akiba, na hapo Reallocated itapanda. Faili lako moja lisilosomeka linaafiki maelezo hayo vizuri kabisa.

Kinachotakiwa kukutia wasiwasi ni namba inayopanda. Nane ya leo ikiwa kumi na sita wiki ijayo na ishirini na nne wiki inayofuata, nunua diski bila kungoja.

Sasa turudi kwenye matengenezo, ukiwa bado ndani ya flashi. `fsck`, programu ya kukagua na kurekebisha mfumo wa mafaili, haiendeshwi juu ya patisheni iliyofunguliwa kwa kuandikwa, kwa maana itakuwa inarekebisha kitu ambacho mwingine anakibadilisha wakati huohuo, na madhara yake ni makubwa kuliko ya umeme. Kwa hiyo ifunge kwanza:

`sudo umount /mnt/zamani`
`sudo fsck -f /dev/sda3`

Itakuuliza maswali mengi. Kwa kuwa nakala unayo, unaweza kuongeza `-y` ili ijibu ndiyo kwa yote. Ikimaliza, iendeshe tena mara ya pili, na isipokuta kosa ndipo uamini. Fanya hivyo pia kwa patisheni ya `/boot`, zinamokaa kerneli, kama ni ya peke yake, jambo ambalo ninalishuku kwa sababu mbili: uliwekewa mfumo zamani, na umekuta kerneli nne. Tuletee majibu ya `lsblk -f` tuone.

---

Mwanagenzi, Mombasa

Hamjambo. Naomba radhi kwa kuingilia, lakini tatizo langu lilianza vivyo hivyo, kwa umeme kupotea, na sijui kama dawa ni moja. Tarakilishi yangu ya mezani haifiki hata kwenye GRUB. Inaandika kwamba haioni kifaa cha kuwakia, na nikiingia kwenye mipangilio ya fimwea nakuta tarehe imerudi nyuma miaka mingi. Diski nimeichomeka kwenye mashine ya rafiki yangu na inasomeka bila shida.

---

Msimamizi wa Seva, Dar es Salaam

Ndugu Mwanagenzi, dawa si moja, kwa sababu kijiti chako kinaangukia mkononi mwa mkimbiaji wa kwanza. Saa iliyorudi nyuma ndiyo inayokusemea. Juu ya ubao mkuu kuna betri ya duara mfano wa sarafu, aina ya CR2032 yenye volti 3, ambayo hulinda saa na mipangilio wakati mashine haina umeme. Ikichoka, kila umeme ukipotea mipangilio hurudi ya kiwandani. Kama Linux yako iliwekwa kwa mtindo wa UEFI na mpangilio wa kiwandani ni ule wa zamani uitwao Legacy, au kinyume chake, fimwea itaitazama diski nzima na kusema haina cha kuwakia.

Chomoa waya wa umeme, badilisha betri, kisha rudisha mtindo wa kuwakia uliokuwapo na uhakikishe kipengele cha SATA kimesomeka AHCI. Rekebisha na saa papo hapo. Usipoirekebisha, hata mashine ikiwaka, `apt`, programu ya masasisho, itakataa kusasisha ikidai kwamba faili la Release bado halijaanza kutumika, na vivinjari vitakataa tovuti salama kwa sababu vyeti vyake vitaonekana ni vya wakati ujao. Nimewahi kumwona mtu akihangaika siku nzima na kadi ya mtandao ilhali tatizo lilikuwa kalenda.

---

Mama Steshenari, Morogoro

Mzee alishuku sawasawa. Majibu ya `lsblk -f` yanaonyesha sda1 ya vfat, sda2 ya ext4 na sda3 ya ext4. Nilipoiangalia sda2 kwa programu ya Disks, ukubwa wake ni MB 512.

`fsck` ya sda3 iliuliza maswali kwa muda wa kama dakika saba, nikatumia `-y`. Mara ya pili haikukuta kosa. Sda2 ilikuwa safi. Katika sda3 sasa kuna mafaili kumi na moja ndani ya folda ya `lost+found`, yenye majina ya namba tupu yanayoanza na alama ya reli. Nikiwasha kwa 97 kompyuta inafika hadi ndani, na kila kitu kipo. Nikiiacha ichague yenyewe, inarudi kwenye ule ujumbe wa kwanza na taa zinamweta.

Kijana mmoja amenishauri niendeshe programu ya Boot-Repair. Niiendeshe?

---

Msimamizi wa Seva, Dar es Salaam

Kwa leo hapana, dada. Boot-Repair ni programu nzuri, nami huitumia pale GRUB yenyewe inapopotea, kwa mfano mtu alipoweka Windows juu ya Linux. Kazi yake kubwa ni kuiweka GRUB upya, na GRUB yako ni nzima, maana imekuonyesha orodha na imekuwashia 97. Ukigusa kisichoumwa unaongeza mahali pa kutafuta tatizo.

Kinachoumwa ni sda2, ambayo ndiyo `/boot` yako. Kila kerneli huweka `initrd` yake humo, na katika Ubuntu 22.04 moja huzidi MB 100. Tatu zinaenea katika MB 512, ya nne haina pa kukaa. Ninaamini kwamba hata umeme usingekatika, sasisho lile lingekwama palepale. Kwa kuwa 97 inawaka, huhitaji tena flashi. Ingia kwa 97, fungua terminali, na utazame kabla ya kutenda:

`df -h /boot`
`ls -lh /boot`

Natarajia utaona `vmlinuz` ya 101 bila `initrd` yake. Ukiwa umeshathibitisha hivyo, tutafungua nafasi. Njia ya adabu ni kumwomba `apt` aondoe kerneli za zamani, lakini kwa sasa atakataa, akisema kwanza umalize kazi iliyokatizwa, na kazi hiyo haiwezi kumalizika bila nafasi. Ndiyo maana tutaanza kwa mkono, kwa faili moja tu, la kerneli ya zamani kuliko zote:

`sudo rm /boot/initrd.img-5.15.0-91-generic`
`sudo dpkg --configure -a`
`sudo apt -f install`
`sudo apt autoremove --purge`

Soma jina la faili mara mbili kabla ya kubonyeza Enter. Usiguse 97, kwa kuwa ndiyo umeikalia. Baada ya hapo angalia tena `/boot`. Kama `initrd` ya 101 bado haipo, iundwe kwa amri hii, kisha uisasishe orodha ya GRUB:

`sudo update-initramfs -c -k 5.15.0-101-generic`
`sudo update-grub`

---

Fundi Mkongwe, Tanga

Niongeze mambo mawili madogo. Yale mafaili kumi na moja ya `lost+found` ni vipande ambavyo `fsck` ilivikuta bila kujua vilikuwa folda gani. Amri `sudo file` ikifuatiwa na njia ya kila kimoja itakuonyesha kama ni picha, waraka au takataka. Usiyafute kabla ya kuyaangalia.

La pili ni lile faili la .cache lisilosomeka. Ukilifuta kwa kawaida, kipande kibovu kitabaki kikisubiri hadi siku mfumo utakapokitumia tena. Afadhali uliandike juu kabla ya kulifuta, na `shred` hufanya hivyo katika nafasi ileile:

`shred -n 1 -u` ikifuatiwa na njia kamili ya faili hilo, kivinjari kikiwa kimefungwa.

Kisha tazama tena SMART utuambie.

---

Mama Steshenari, Morogoro

Ndugu zangu, imewaka yenyewe, bila Esc, kwa kerneli ya 101.

`df` ilionyesha `/boot` imejaa asilimia 100, na `vmlinuz` ya 101 ilikuwa imekaa peke yake kama mlivyosema. Nilipofuta lile faili la 91, `dpkg` iliendelea kutoka pale ilipoachia juzi jioni kana kwamba haikuwa imekatizwa, ikaunda `initrd`, na `apt` ikaondoa 91 na 94. Sasa `/boot` imesimama asilimia 53. Katika `lost+found`, tisa zilikuwa takataka za kivinjari na mbili ni picha za pasipoti za mteja wa mwezi uliopita, ambazo nimezirudisha katika folda yake.

Swali la mwisho. Ile diski ya nje niliyonakilia nataka ifunguke yenyewe kila siku ili ninakili kazi jioni. Mdogo wangu ameiandika katika `/etc/fstab`, faili lenye orodha ya diski za kufunguliwa kompyuta inapowaka. Je, yafaa?

---

Msimamizi wa Seva, Dar es Salaam

Hongera sana, dada. Yafaa, ila mwambie aongeze neno `nofail` katika mstari wa diski hiyo, na aitambulishe kwa UUID, yaani namba yake ya kudumu ya utambulisho, badala ya jina kama sdb1, kwa kuwa majina hayo hubadilika kulingana na kilichochomekwa kwanza. Bila `nofail`, siku utakayoiwasha kompyuta na diski hiyo umeiacha nyumbani, `systemd` itaisubiri kwa sekunde 90, kisha itakuingiza katika hali ya dharura, nawe utarudi hapa ukidhani tatizo la kwanza limejirudia.

---

Mama Steshenari, Morogoro

Ameongeza. Tumeiwasha mara moja diski ikiwa imechomekwa na mara moja ikiwa haipo, na mara zote mbili imefika kwenye nywila.

Baada ya `shred`, Current Pending imesoma 0 na Reallocated imebaki 0. Nimeziandika namba hizo kwa kalamu kwenye karatasi niliyoibandika ubavuni mwa kompyuta, pamoja na tarehe ya leo, na chini yake nimechora mistari ya wiki zijazo. UPS nimeagiza, itafika Jumatatu. Mwanafunzi wangu amekuja asubuhi, tumetoa kopi tatu za ripoti yake, kurasa 84 kila moja, na tumezifunga kwa jalada la buluu kama chuo kilivyomwagiza.